Mpishi wa Mtoni na Njia za Moto



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya moto wa jikoni: jinsi upatikanavyo, jinsi upoteavyo, na jinsi mpishi mmoja wa Mtoni alivyoufuata nyayo zake kama mtu amfuataye mwizi, hata akaujua kila mlango utokeao. Najua wako wanaume watakaosema, "Habari za jikoni ni za wanawake, mwalimu ameingia kutafuta nini?" Hao nawaomba wakumbuke ni nani alipaye gunia la makaa, na mwezi mmoja humaliza magunia mangapi nyumbani kwake.

Mtoni ni mahali palipo kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, kama maili 3 kwa njia ya Bububu, kando ya bahari. Huko ndiko Seyyid Said bin Sultan alikokuwa na jumba lake la zamani kuliko yote katika kisiwa hiki, na magofu yake yangali pwani hata leo. Binti yake, Sayyida Salme, aliyezaliwa katika jumba hilo mwaka 1844, aliandika kitabu cha maisha yake kilichopigwa chapa Berlin mwaka 1886. Humo ametueleza ya kuwa watu waliokaa katika jumba lile walikadiriwa kufika 1,000, na ya kuwa nyama ilipikwa kwa namna ya Kiarabu, ya Kiajemi na ya Kituruki. Fikirini basi wingi wa kuni zilizoungua kila siku katika majiko yale! Lakini wengi wa waliochochea moto ule walikuwa watumwa, na mkono uliokata kuni haukulipwa. Kwa hiyo hapakuwa na bwana wala bibi aliyekuwa na haja ya kuuliza moto unakwenda wapi. Utumwa ulipoondolewa katika sheria za Unguja mwaka 1897, kuni zilianza kuwa na bei, na mtu aliyechoma kuni zake mwenyewe alikuwa na sababu ya kuzihesabu.

Mpishi nitakayewasimulia hahusiani na majumba. Ni mama mtu mzima mwenye wajukuu, na jina lake sitalitaja, kwa kuwa ameniomba nisilitaje. Riziki yake huipata kwa kuuza mbaazi za nazi na mkate wa kumimina asubuhi, kabla watoto hawajaenda shule na watu wazima hawajaenda kazini. Mimi kazi yangu ni kuwafundisha vijana wanaojifunza ualimu, na nyumba yangu haiko mbali na yake. Nimekula mbaazi zake miaka mingi, na sitaki kujifanya kwamba ushuhuda wangu hauna upendeleo. Tabia yake moja ni hii: hapendi kutupa kitu. Debe lililotoboka, kipande cha bomba, tairi la baiskeli, ufunguo usio na kufuli, vyote huishia uani kwake. Mbuzi yake ya kukunia nazi (nasema mbuzi ya kukunia, asije mtu akadhani mfugo) ina mguu mmoja mfupi kuliko mingine, na aliufupisha kwa makusudi, ili kile kiti kiinamie mbele kidogo na mgongo usiume. Mtu mgeni akiikalia hudhani imevunjika.

Sasa yafaa niwakumbusheni jambo lililotupata sote. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya mkubwa upitao chini ya bahari, na umeletwa kwa njia hiyo tangu mwaka 1980. Mwaka 2008 ulikatika kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Kisha katika mwezi wa Desemba 2009 ulikatika tena, na haukurudi hata mwezi wa Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu za maji zilisimama, na watu wakarudia visima. Majokofu yakageuka kuwa makabati. Waya mpya ulio na nguvu zaidi ulianza kutumika mwaka 2013, na umeme wake hupokewa papo hapo Mtoni kabla ya kugawanywa. Lakini katika ile miezi mitatu Mtoni palikuwa na giza kama palivyokuwa kwengineko.

Mpishi wetu hakupotewa na moto, kwani hapiki kwa umeme. Alichopotewa nacho ni jokofu. Zamani mbaazi zake alizipika alasiri, akazipoza, akazitia katika jokofu, na alfajiri alizipasha tu. Bila ya jokofu, katika joto lile la kaskazi, mbaazi zilizopikwa alasiri zilikuwa zimechacha kabla ya alfajiri. Ilimpasa basi aanze kupika usiku wa manane. Mbaazi kavu si kitu cha kuiva mara moja. Zataka kuchochewa kwa saa nyingi. Makaa yakaisha upesi, na usingizi ukaisha upesi zaidi. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, maji haya yananidanganya. Nikitia makaa machache yachemka; nikitia mengi yachemka vile vile. Yale mengine yamekwenda wapi?"

Swali hilo ni kubwa kuliko mlionavyo. Nilimjibu kwa maneno ya darasani, naye hakuyakubali mpaka alipoyaona kwa macho yake. Alichukua sufuria moja, akaipimia maji kwa kata, akajaza makaa katika kopo la maziwa na kulisawazisha kwa mkono, kisha akatazama saa. Siku ya kwanza alipika bila mfuniko. Siku ya pili alifunika. Siku ya tatu alifunika, na maji yalipochemka akatoa nusu ya makaa kwa koleo. Kila siku sufuria ile ile, maji kiasi kile kile, na kopo lile lile. Wanafunzi wangu huniandikia kurasa nyingi juu ya namna ya kufanya majaribio, na baadhi yao husahau neno hili moja, ya kuwa ukibadilisha mambo mawili kwa mara moja hutajua ni lipi lililoleta tofauti. Yeye alilijua bila kufundishwa, kwa sababu makaa ni yake.

Maelezo yake ni haya. Maji yakiwa juu ya moto, joto lake hupanda mpaka yachemke. Nayo kwetu pwani huchemka yafikapo digrii 100. Yakishachemka hayapandi tena. Ukiongeza makaa yataruka na kupiga kelele na kutoa mvuke mwingi, lakini yatabaki katika digrii 100 zile zile, na mbaazi iliyo ndani haioni tofauti yo yote. Joto linalozidi huingia katika mvuke na kwenda zake. Mtaalamu mmoja wa Uskoti, Joseph Black, alilipima jambo hili katika miaka ya 1760. Sasa twajua ya kuwa kuyageuza maji yachemkayo yawe mvuke hutaka joto zaidi ya mara 5 ya lile litakiwalo kuyatoa katika ubaridi wa barafu hata kuyafikisha kwenye kuchemka. Kwa hiyo ule mvuke mzuri unaopaa juu ya sufuria iliyo wazi, ambao sisi huupenda kwa kuwa waleta harufu ya chakula, ni makaa yapaayo hewani. Chungu kilichofunikwa kwa mkungu, na moto mdogo unaotosha tu kuyatikisa maji, huivisha mbaazi kwa muda ule ule.

Huo ndio mlango wa kwanza, nao ulifungwa bila gharama. Mlango wa pili ulikuwa seredani yenyewe.

Seredani ya bati tulizozizoea ni kitu cha kustaajabisha kwa uchache wa akili iliyomo. Makaa hukaa ndani ya bati jembamba; bati huwaka moto; na bati likiwaka, huipasha ua wote, na miguu ya mpishi, na paka. Mkono ukiweza kuhisi joto ubavuni mwa seredani kwa umbali wa hatua moja, joto hilo umelinunua na hukulitumia. Mwishoni mwa karne ya 18 alikuwako mtu mmoja aliyezaliwa Marekani, Benjamin Thompson, aliyejulikana baadaye kwa jina la Rumford, ambaye alitumikia mtawala wa Bavaria katika mji wa München. Huyo alipewa kazi ya kuwalisha maskini wa mji, na alipoona kuni zinavyoungua bure katika majiko yaliyo wazi, aliyazungushia matofali, akakiacha chungu kizame ndani, na hewa akaipitisha kwa tundu dogo liwezalo kufungwa. Na jirani zetu wa Kenya, baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Nairobi mwaka 1981, walitengeneza jiko la makaa lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo uliochomwa ndani, kwa kufuata mfano wa majiko ya ndoo ya Thailand. Jiko hilo likitengenezwa vizuri huokoa theluthi moja ya makaa, na pengine zaidi, nalo limeenea katika nchi nyingi za Afrika.

Mpishi wetu aliliona jiko la namna hiyo sokoni, akaligeuza huku na huku, akamwuliza mwenye duka bei, akarudi nyumbani bila kununua. Alikuwa amekwisha kuona namna lilivyofanywa. Alitwaa ndoo ya bati iliyotoboka, akakanda udongo wa mfinyanzi, akaupaka ndani unene wa vidole viwili, na jioni ile ile, kwa haraka ya kutaka kujua, akatia makaa. Haikupita nusu saa udongo ukapasuka kwa mshindo, na vipande vikaruka mpaka kwenye kinu. Mjukuu wake akapiga kelele, "Bibi, jiko limepasuka!"

"Nimesikia, mwanangu. Njoo tutazame limepasukia wapi."

Lilikuwa limepasuka chini, pale penye udongo mnene zaidi. Sababu yake ni nyepesi. Udongo mbichi una maji ndani yake. Maji yakipata moto mkali hugeuka mvuke, na mvuke hutaka nafasi kubwa sana kuliko maji yaliyouzaa. Usipopata njia ya kutokea huifanya kwa nguvu. Wafinyanzi wote wajua ya kuwa chungu hukaushwa siku nyingi kabla ya kuchomwa. Mara ya pili aliuchanganya udongo na kumvi za mpunga, akalianika jiko kivulini siku 10, kisha akaliwashia moto mdogo wa vifuu, siku moja kidogo, siku ya pili zaidi. Zile kumvi zilipoungua ziliacha vitundu vidogo vidogo ndani ya udongo, vimejaa hewa. Na hewa iliyofungwa, isiyoweza kutembea, haipitishi joto kwa urahisi. Ubavu wa jiko ukawa waweza kuguswa kwa mkono huku ndani makaa ni mekundu.

Walakini jiko lile likawa halina pumzi. Sufuria ilikaa sawasawa juu ya mdomo wake, ikaziba. Makaa yakafifia na kutoa harufu nzito. Akabandika madonge matatu ya udongo mdomoni, mfano wa mafiga madogo, yakaiinua sufuria kwa unene wa kidole kimoja. Na chini, penye tundu la majivu, akatia kijilango cha bati cha kusogeza. Kikiwa wazi makaa huvuta hewa na kuwaka kwa nguvu. Kikifungwa nusu hulala. Kwa jiko hilo, na kwa kifuniko, kopo la makaa lililokuwa likiishia alasiri likawa lafika magharibi.

Habari ya mkate wa kumimina ni nyingine, na ndiyo iliyomtesa zaidi katika miezi ile ya giza. Kama mjuavyo, mchele huroweshwa, husagwa pamoja na tui zito la nazi, ukatiwa sukari, hiliki na hamira, ukaachwa uumuke. Hamira ni viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Louis Pasteur wa Ufaransa alilionyesha jambo hilo katika miaka ya 1850. Viumbe hao hula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo iufanyao mkate uwe na matundu. Wakiwa katika ubaridi hufanya kazi polepole. Wakiwa katika joto hukimbia. Mpishi wetu alikuwa akikoroga jioni na kutia bakuli katika jokofu, hata alfajiri ukawa umeumuka kwa kiasi. Usiku wa kwanza bila umeme alikoroga kama desturi yake, akaenda kulala; alipoamka unga ulikuwa umepanda, umefurika, umeshuka mezani, umetambaa sakafuni, na kuku wawili walikuwa wakifungua kinywa bila kulipa. Ule uliosalia bakulini ulikuwa mchungu kama siki.

Alijaribu kulizungushia bakuli kitambaa chenye maji, kama wafanyavyo watu kwa mitungi ya maji ya kunywa. Dodoma kitambaa hicho kingalisaidia sana, kwa kuwa hewa ya huko ni kavu na hunyonya maji upesi, na maji yakaukapo huchukua joto. Hewa ya pwani imekwisha kushiba unyevu, na kitambaa hukaa kimelowa tu. Mwishowe alipunguza hamira hata kufika robo ya kiasi chake, akakoroga saa 4 ya usiku badala ya saa 12 ya jioni, akaliweka bakuli sakafuni penye saruji, ndani ya beseni la maji ya kisima. Mkate ulitoka mzuri, na wako waliosema ulikuwa mtamu kuliko wa zamani. Mimi naona walikuwa na njaa.

Kuuoka ni kazi ya kupalia, yaani kuweka makaa juu ya mfuniko na mengine chini. Wazee wetu hawakuwa na haja ya tanuri ya madukani, kwa kuwa sufuria iliyopaliwa ni tanuri tosha, mradi mpishi aijue. Tatizo lake ni kwamba sufuria za siku hizi ni nyembamba. Makaa yaliyo chini huunguza kitako cha mkate kabla katikati hakujaiva. Mpishi wetu alitandaza mchanga mkavu wa pwani, uliooshwa chumvi kwa maji ya kisima, ndani ya sufuria kubwa. Akaweka vijiwe vitatu juu ya mchanga, na juu ya vijiwe sufuria ndogo yenye mkate. Mchanga hupata joto polepole na kulisambaza sawasawa, hata pasiwe na mahali palipo pakali kuliko pengine. Makaa ya juu huyafanya mara mbili ya yale ya chini. Kadhalika hafunui kabla ya wakati: kila ufunuapo, hewa ya moto hutoka na baridi huingia, na mkate uliokuwa ukipanda huketi.

Nimefika sasa katika kile kitu ambacho majirani walikicheka zaidi, nacho ni kikapu.

Alichukua kikapu kikubwa cha ukili chenye kifuniko, akakijaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa mpaka yakawa kama nywele, akayashindilia pembeni na chini, akaacha katikati shimo la kiasi cha sufuria yake. Juu yake akashona mto mnene wa sufi. Saa 3 za usiku huchemsha mbaazi zilizokwisha kuroweshwa mchana kutwa, zikachemka kwa nguvu kama robo saa chini ya mfuniko. Kisha huiepua sufuria pamoja na mfuniko wake bila kufunua, akaitia haraka katika shimo, akaufunika mto, na kikapu akakifunga. Halafu huenda kulala. Makaa yaliyobaki huyazima kwa kuyafunika ndani ya debe, yamfae kesho. Alfajiri mbaazi huwa laini, na sufuria ingali moto.

Hapana uganga hapo. Chakula hakiivi kwa moto. Huiva kwa joto, na moto ni njia tu ya kulileta. Joto likishaingia ndani ya sufuria iliyojaa, na likizuiwa lisitoke, litaendelea na kazi yake kwa saa nyingi. Sufi na makumbi ni kama zile kumvi katika udongo: hewa iliyofungwa. Chombo cha namna hii kilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya mwaka 1867, kikiitwa jiko la Norway, na watu wengi waliokwenda kutazama mashine kubwa kubwa walisimama kulitazama sanduku lisilo na moto linalopika nyama. Katika vita vikuu viwili vya karne ya 20 wanawake wa Uingereza walihimizwa kupika katika masanduku yaliyojazwa nyasi kavu ili kuokoa makaa ya mawe.

Lakini kikapu kina masharti yake, nami nayasema kwa mkazo kwa kuwa asiyeyashika aweza kuwadhuru watoto wake. Kwanza, sufuria iwe imejaa, au karibu kujaa. Chakula kidogo katika sufuria kubwa hupoa upesi. Pili, vijidudu viletavyo maradhi ya tumbo huzaana katika chakula kilicho na joto la kadiri, chini ya digrii 60 hivi. Chakula kikitoka kikapuni lazima kirudishwe motoni kichemke tena kabla ya kuliwa. Na kama ukikifunua ukaweza kutia kidole na kukiacha humo bila kuumia, jua kilikuwa kimepoa zamani, nacho si cha kulishwa mtu. Tatu, maharage, na hasa yale mekundu, yana sumu ndani yake yakiwa mabichi. Sumu hiyo huharibika kwa kuchemshwa kwa nguvu dakika 10 kamili au zaidi, wala haiharibiki kwa joto dogo la muda mrefu. Yaroweshwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yachemshwe barabara katika maji mapya, ndipo yaingie kikapuni. Mpishi wetu hutia tui la nazi baada ya kikapu, si kabla. Kwa sababu tui huchacha upesi, na pia hutaka kukorogwa mpaka lichemke lisije likakatika.

Safari yake moja iliishia njiani, nayo ilikuwa salama ikaishia hapo. Alisikia habari za sufuria za presha, ambazo mfuniko wake hukazwa ili mvuke usitoke na joto lipande hata kufika digrii 120 hivi, na nyama ngumu ikaiva kwa muda mfupi. Mfaransa Denis Papin aliifanya ya kwanza London mwaka 1679, na mapema akatambua ya kuwa chombo hicho ni hatari. Akakitengenezea kilango chenye uzito, kinachojifungua chenyewe mvuke uzidipo. Mpishi wetu alianza kwa kuweka jiwe juu ya mfuniko, na hilo halikumletea faida, kwa kuwa mvuke ulitoka pembeni. Akafikiri kuufunga mfuniko kwa waya. Kwa bahati mumewe, ambaye ni fundi wa baiskeli, aliukuta waya umekwisha kukatwa mezani, akauliza ni wa nini. Na mtu aliyekwisha kuona tairi likipasuka usoni mwake haitaji kuelezwa mara mbili. Narudia kwa ajili ya vijana wanaopenda kujaribu mambo: sufuria ya kawaida isifungwe kamwe. Sufuria ya presha ya kiwandani ina kilango chake, na kilango hicho kikiziba kwa choroko au mchele, ni bomba lililo tayari kulipuka.

Nami siwezi kuyaacha makaa bila kutaja moshi na lile lisiloonekana. Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kuwa katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kupikia kuni, makaa, samadi na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000. Makaa hayatoi moshi mwingi kama kuni, na kwa hiyo watu huyadhania kuwa ni safi. Kumbe makaa yakikosa hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuzuia ile hewa njema isichukuliwe mwilini; mtu huumwa na kichwa, husinzia, na aliyelala huenda asiamke. Seredani yenye makaa mekundu isilazwe chumbani pamoja na watu, hata mvua ikinyesha, hata ikiwa imebaki na chembe chache. Jiko la mpishi wetu liko uani, chini ya paa la makuti lililo wazi pande tatu; na lile debe la kuzimia makaa hukaa nje.

Kuna na hesabu ya miti. Makaa hayaoti ndani ya gunia. Katika tanuri za udongo hutumika kuni kilo 5, na mara nyingi zaidi ya hizo, kupata makaa kilo 1. Na kisiwa chetu ni kidogo. Msitu wa Jozani na mikoko ya ghuba ya Chwaka vilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na hilo ni jambo jema, lakini shoka likikatazwa Jozani hutafuta mahali pengine, Unguja au bara. Siku hizi mitungi ya gesi imeingia katika nyumba nyingi za mjini na za Mtoni, na wenye uwezo wa kuijaza wamepata nafuu kubwa ya moshi na ya muda. Mpishi wetu naye anao mtungi mmoja mdogo, alionunuliwa na mwanawe. Aliutia katika majaribio yake siku ile ile ulipofika, na akagundua kwamba kikapu hakijali moto umetoka wapi: mbaazi zilizochemshwa kwa gesi robo saa hulala katika makumbi kama zile za makaa, na mtungi hudumu.

Chapati hazipikiki kikapuni. Hilo alilijua kabla ya kujaribu, kwa sababu chapati yataka moto mkali na wa upesi juu ya chuma. Kadhalika mihogo ya kukaanga, na samaki wa kuchoma, na maandazi. Kwa vyakula hivyo hutumia lile jiko la udongo na kumvi, kijilango chake kikiwa wazi kabisa. Na wali wa nazi hufanyika nusu kwa nusu: huchemka jikoni mpaka maji yakaribie kukauka, kisha badala ya kupaliwa huenda kikapuni dakika 30. Wali wa namna hiyo hautoi ukoko. Mumewe, ambaye apenda ukoko, amelalamika juu ya jambo hili tangu mwaka 2010, na shauri bado halijakatwa.